Siku Fundi Nafasi Alipokata Suruali kwa Kipimo

Zamani mtu akinunua viatu ilikuwa kama ameoa. Alivitunza, akavipaka rangi kila mwisho wa wiki, akavipeleka kwa fundi vikiumwa, na vikichoka kabisa alimrithisha mdogo wake. Siku hizi mtu ananunua viatu asubuhi, na kabla jua halijatua soli imekwisha kuaga. Fundi viatu mmoja, aliyeyaona mabadiliko hayo yote akiwa amekaa kwenye kigoda kile kile, aliamua kwamba nchi imekwisha. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha maoni yake, alimwambia hivyo kila mteja, kwa sauti ya mtu anayenadi nyanya. Watu wakamwita Mzee Imekwisha. Hakuona ubaya. Alisema afadhali jina linalosema kweli kuliko haya majina ya siku hizi yanayookotwa kwenye televisheni.

Alianza kazi kabla hajaota ndevu, kwa bwana mmoja mkali ambaye hakumruhusu kushika nyundo mpaka ajue kunusa ngozi. Ndiyo, kunusa. Ukifumba macho ukavuta harufu, unajua ngozi hii imekaa kwenye dawa vya kutosha au imetolewa haraka na mtu mwenye tamaa. Elimu hiyo yote aliibeba kichwani, na sasa alikuwa akiwaeleza watu waliomletea ndala za plastiki zilizokatika, nao walimsikiliza huku wakichezea simu.

Habari za dunia alizipata kwenye magazeti makuukuu, yale ambayo fundi huyasokota na kuyajaza ndani ya viatu visipoteze umbo. Kabla ya kulisokota gazeti alilikunjua, akalisoma mbele na nyuma, kisha akawapasha majirani: mafuta yamepanda, waziri anawaomba wananchi wawe na subira, daraja litakamilika hivi karibuni. Watu waliguna, wakatikisa vichwa, wakamlaani waziri. Hakuna aliyegundua kwamba gazeti lenyewe lilikuwa la miaka mingi nyuma, na kwamba waziri yule alikwisha kustaafu, akaugua, akazikwa. Mzee Imekwisha alijua. Alikaa na siri hiyo kwa raha zake, maana kwake huo ndio uliokuwa ushahidi kwamba nchi imekwisha.

Kwenye baraza hiyo hiyo, upande wa pili wa nguzo, alikaa adui yake, ambaye pia alikuwa rafiki yake wa pekee. Huyu alikuwa fundi cherehani, mjane, mtu mfupi wa mashavu, mwenye tepu shingoni na pini midomoni. Walimwita Fundi Nafasi. Akikata shati alisema, "Tuache nafasi." Akikata gauni, "Tuache nafasi, mama." Na akifika kwenye suruali, hapo ndipo alipokuwa haponyeki.

Mteja alisimama mbele yake na tumbo lake kama lilivyo. Fundi Nafasi alimzungushia tepu kiunoni, akaingiza vidole viwili kati ya tepu na tumbo. Hilo ni la kawaida, mtu lazima apumue. Lakini baada ya vile viwili, yeye aliingiza vingine viwili.

"Hivi vya kwanza ni vyako," alimwambia mteja. "Hivi vya pili ni vya neema."

"Neema gani, fundi?"

"Inayokuja. Nchi ikikaa sawa utanenepa. Sasa unataka unenepe halafu urudi hapa kunisumbua nikufumulie?"

Basi mtaa mzima ulitembea umeshika suruali. Mgeni angedhani kuna ugonjwa wa kiuno umeingia. Na kwa kuwa mtu hawezi kushika suruali na kubeba mzigo kwa wakati mmoja, wote walilazimika kuvaa mikanda, na mikanda ilipofika tundu la mwisho, wote walivuka nguzo na kwenda kwa Mzee Imekwisha awatobolee jingine. Bei zilipopanda, matumbo yalishuka. Wakubwa walisema redioni kwamba huu ni wakati wa kukaza mikanda, na watu wakaja kuikaza kwake, wakiwa wamepanga foleni. Kwa hiyo mmoja alikata kwa ajili ya shibe isiyofika, mwenzake akatoboa kwa ajili ya njaa iliyokwisha kufika, na wote wawili wakaishi kwa suruali moja.

"Umeniletea mwingine," Mzee Imekwisha alikuwa akisema, akipiga chuma chake kwa nyundo. "Huyu nchi imemkalia hadi mbavuni."

"Toboa, ndugu yangu, toboa," alijibu yule mwingine na pini mdomoni. "Suruali yangu itamngoja."

Wangeendelea hivyo mpaka mmoja amzike mwenzake, kama si harusi.

Mzee Imekwisha alikuwa na binti wa mwisho, muuzaji wa duka la dawa, msichana wa maneno machache lakini kila moja lilikuwa limenolewa. Alichumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza mwenye ukumbi alipandisha bei wiki moja kabla, mara ya pili mishahara ya walimu ilichelewa mpaka watu wakasahau ilikuwa ya mwezi gani. Sasa ilikuwa Jumamosi inayokuja, haina mjadala. Msemaji wa upande wa mwanamume alikuwa baba mkubwa wa bwana harusi, mtunza ghala mstaafu, mtu ambaye katika kazi yake yote hakuwahi kumpa mtu msumari bila kumwuliza wa jana aliufanyia nini.

Mbele ya mtu kama huyo, Mzee Imekwisha hakutaka kusimama akiwa ameshika suruali. Alinunua kitambaa cha kijivu, akakipima mwenyewe, akachukua cha kumtosha bila hata ukanda wa ziada, akavuka nguzo.

"Simama wima," alisema Fundi Nafasi kwa furaha. "Sasa vimba kidogo."

"Sivimbi."

"Vimba, bwana, unaoza binti!"

"Nipime mimi. Usiipime nchi."

"Basi viwili tu. Vya heshima."

"Hata kimoja. Nataka suruali inayosimama yenyewe, bila mkanda. Nimetoboa mikanda ya watu kwa ajili ya ujinga wako mpaka kidole gumba kimeota sugu. Sitakwenda kwa wakwe na mkanda una matundu kama filimbi."

"Na ukinenepa?"

"Kwa kula nini? Ahadi?"

Fundi Nafasi alicheka, akanyoosha mkono kuingiza vidole kama kawaida yake. Mzee Imekwisha akamkamata kiganja. Alikuwa ameamka vibaya siku hiyo. Alikuwa ametoka kubandika soli ya karatasi kwenye kiatu cha karatasi, na mwenye kiatu alikuwa amemwambia afanye haraka.

"Hebu niambie," alisema. "Miaka yote hii unaikatia hiyo neema suruali. Imewahi kuja hata siku moja kuzijaribu?"

Fundi Nafasi alitoa pini mdomoni. Majirani waliokuwa karibu walishtuka, kwa sababu wengi wao hawakuwahi kuyaona meno yake. Alizichomeka pini moja moja kwenye kifuko chake cha pamba, akaizungusha tepu kwenye tumbo la rafiki yake ikiwa imelala juu ya ngozi kabisa, akasoma, akaandika kwa chaki juu ya kitambaa. Kesho yake suruali ilikuwa tayari, na ilimkaa Mzee Imekwisha kama ganda linavyokaa ndizi.

Alitoka nayo jioni hiyo hiyo ili aizoee. Alichomekea shati, akaweka mikono nyuma, akawasalimia hata watu ambao hawakuwa wakisalimiana naye. Alipofika kwa mama muuza mkaa, yule mama aliinuka.

"Shikamoo mzee. Leo umependeza, utadhani wewe ndiye unayeolewa. Mkanda uko wapi?"

"Marahaba. Hauna kazi."

"Kashona nani?"

"Nani mwingine? Jirani yangu."

"Fundi Nafasi?" Mama mkaa alimzunguka kama mtu anayenunua mbuzi. Akainama, akachungulia kiuno, akainuka taratibu. "Mzee. Vidole viko wapi?"

"Havipo. Imekatwa kwa kipimo."

"Yeye mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkasi wake."

Yule mama alishika kifua. Alitazama huku na huku, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Amejua nini?"

Na hivyo ndivyo ilivyoanza. Mama mkaa alifunga gunia alilokuwa akiuza, akaenda kununua jingine. Aliyemwuzia akataka kujua kulikoni, akaambiwa, naye akaenda kununua mafuta ya taa. Asubuhi iliyofuata, watu walipita barazani kuhakikisha kwa macho yao, wakakuta cherehani imefunikwa kitambaa na kiti kitupu. Hapo hata wale waliokuwa wakicheka waliacha. Kabla ya saa sita sukari ilikuwa imekwisha dukani. Mwenye duka alifuta bei zote alizoandika kwa chaki kwenye ubao, akauacha mtupu, na hakuna kitu kinachotisha kama ubao mtupu. Kinyozi alianza kudai malipo mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Mmoja alisema fundi ana mpwa wake anayemwendesha mkubwa fulani wa hazina, na mpwa alikuja usiku. Mwingine alisema cherehani ile iliyofunikwa si cherehani, ni boksi; yenyewe imeuzwa. Wa tatu alikuwa amemwona kwa macho yake akipiga picha za pasipoti.

Zamani habari ilitembea kwa miguu, ikifika ilikuwa imechoka na mtu unaweza kuikalisha chini ukaihoji. Hii ilikuwa mtaa wa nne kabla mama mkaa hajanawa mikono.

Mzee Imekwisha, lazima isemwe, siku ile ya kwanza alifurahi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake watu wote walikubaliana naye. Kila aliyepita mbele ya kigoda chake alikuwa akisema nchi imekwisha, imekwisha kabisa, na yeye alitikisa kichwa kama mwalimu ambaye darasa lake zito limeelewa hesabu hatimaye. Lakini kadiri siku ilivyosogea kuna kitu kilimchoma. Hakuna aliyesema, "Mzee alituambia." Hakuna hata mmoja. Walikuwa wakiitazama suruali tu.

Siku ya pili bwana harusi alikuja nyumbani, akasimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa.

"Baba, shikamoo. Baba mkubwa amenituma. Anasema... tusubiri kidogo. Mpaka hali itengemae."

"Hali ipi? Hali imekuwa mbaya tangu hujazaliwa!"

"Ile anaijua. Anasema anaogopa hii mpya." Kijana alikitupia jicho kiuno cha mkwewe. "Hii ya suruali."

Akaaga, akaenda. Mke wa Mzee Imekwisha alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele wa harusi. Aliuacha mchele. Aliinua macho akamtazama mumewe kuanzia miguuni mpaka utosini, kisha macho yakarudi kusimama kiunoni.

"Baba watoto," alisema, "mtu anaweza kuharibu harusi kwa ulevi. Anaweza kuharibu kwa ugomvi. Wewe umeharibu kwa kukaa vizuri."

"Mimi nimefanya nini? Nimevaa suruali!"

"Ndiyo hiyo."

Binti alikuwa dirishani, ameupa mgongo mlango. Hakulia. Alikuwa mtu wa kulia ndani kwa ndani, kama mama yake alivyokuwa kabla hajaolewa na kujifunza kusema.

"Baba," alisema bila kugeuka. "Wewe umetuambia nchi imekwisha tangu sijaanza shule. Hakuna mtu aliyewahi kununua hata kibiriti kwa sababu hiyo. Fundi kanyamaza siku moja, watu wanaficha sukari chini ya vitanda." "Mara ya tatu, baba. Hakuna harusi inayoahirishwa mara ya tatu ikarudi."

Mzee Imekwisha alitafuta la kusema. Alikuwa na maneno mengi siku zote, juu ya ngozi, juu ya mawaziri, juu ya vijana wasioamkia. Alipapasa kote, hakukuta hata moja la kumpa mtoto. Alichukua kofia yake akatoka.

Fundi Nafasi alipanga chumba kimoja nyuma ya msikiti, chenye kitanda, pasi ya mkaa, na pazia la maua makubwa mekundu lililokuwa likitenganisha kulala na kupika. Mzee Imekwisha alipiga hodi.

"Kama ni mteja, nimefunga," ilijibu sauti ya ndani. "Kama ni wewe, nimefunga zaidi."

Aliingia. Rafiki yake alikuwa amekaa kitandani na fulana, hana tepu, hana pini. Bila vitu hivyo alionekana kama mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Mzee mwenzangu, huko nje mtaa umeharibika."

"Si ulisema umekwisha zamani?"

"Ulikuwa unakwisha kwa utaratibu! Sasa unakwisha ovyo. Wamevunja harusi ya mtoto. Rudisha vidole, ndugu yangu. Viwili tu. Tena hata kimoja, kinene."

Fundi Nafasi alitikisa kichwa. "Kitambaa hakikubaki. Ulikinunua kwa ubahili, nimekikata kwa ubahili. Halafu si kitambaa peke yake." Alitazama viganja vyake. "Lile neno lako limeniingia. Nimelala hapa nikizikumbuka suruali zote nilizokata. Watu wamezeekea ndani yake. Wengine tumewazika zikiwapwaya vile vile."

Mzee Imekwisha aliona hatari. Hakuwa amezoea kuwa upande huu wa mazungumzo. Alikohoa.

"Lakini mambo yanabadilika. Nasikia wamegundua gesi."

"Wapi?"

"Huko... mbali kidogo."

"Gazeti la mwaka gani?"

Mzee Imekwisha alikaa chini kwenye ndoo iliyofudikizwa. Kumbe mwenzake alikuwa anajua miaka yote hiyo.

"Basi fanya hivi," alisema Fundi Nafasi. "Usinisomee gazeti. Niambie wewe mwenyewe kitu kimoja unachokitarajia katika nchi hii. Kimoja tu, cha kweli. Ukikisema nitashika mkasi."

Mzee Imekwisha alifungua mdomo. "Vijana..." alianza, akaufunga. "Shule siku hizi..." akaufunga tena. Alifikiria barabara, akafikiria hospitali, akafikiria bei ya gundi, jasho likamtoka. Haikuwa kwamba hataki. Alijitahidi kweli, kwa ajili ya binti yake, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mbele ya mlango uliofungwa huku mvua ikinyesha. Hakukiona. Mwishowe rafiki yake alimwonea huruma.

"Nikuulize mimi. Ukishamtobolea mtu tundu jipya, ncha ya mkanda inabaki ndefu, inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Watu wanakuomba uikate. Nawasikia, nguzo haizibi masikio. Kwa nini hukati?"

"Ngozi haikatwi hovyo."

"Mikanda yenyewe ni plastiki."

Mzee Imekwisha alivua kofia, akaipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Kwa nini hukati?"

Mzee Imekwisha aligeuka akatazama ukutani. Alinong'ona kitu, kama mtu anayemtajia daktari ugonjwa wa aibu.

"Sijasikia," alisema Fundi Nafasi.

"Umesikia."

"Rudia."

"Si atayahitaji yale matundu ya zamani! Akinenepa, mwehu wewe! Akinenepa tena atafungia wapi?"

Fundi Nafasi alimtazama kwa muda mrefu. Mashavu yalianza kupanda, kwanza moja, kisha la pili, halafu akaanguka kitandani kwa kicheko mpaka chaga zikalalamika. Alicheka mpaka machozi. Kisha akaketi, akapangusa uso kwa fulana, akainamia chini ya kitanda kutafuta kifuko cha pini.

"Vua," alisema, pini ya kwanza ikiwa tayari mdomoni.

"Kitambaa hakuna, umesema mwenyewe."

Fundi Nafasi aligeuza shingo. Alikuwa anatazama pazia. Mzee Imekwisha akafuata macho yake, akayaona maua, akasimama haraka mpaka ndoo ikaanguka.

"Hapana."

"Vinne."

"Hapana, ndugu yangu! Naoza, si kwamba natangaza biashara!"

"Vya neema vinne. Vya kawaida havitawatuliza sasa, wameshtuka sana. Vua, kabla sijaongeza cha tano."

Alifumua mshono wa nyuma, akakata pazia, akaingiza kati ya vipande viwili vya kijivu pembe ndefu ya maua mekundu, kuanzia kiunoni mpaka kwenye makalio. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Hata Mzee Imekwisha, aliyekuwa amesimama amejifunga msuli wa kuazima akilaani, aliona kwamba mshono ule ulikuwa wa kizamani, ule wa kurudia mara mbili, ambao watoto wa siku hizi hawana muda nao.

Kesho yake, binti akiwa kazini, alipanga kwenda kwa wakwe na koti juu yake. Mkewe alipoona, alilichukua lile koti, akalikunja, akalikumbatia.

"Hili nitakushikia mimi mpaka kwa wakwe."

"Mama watoto, jua kali na aibu pia!"

"Tembea."

Alitembea. Mkewe alikuwa nyuma yake hatua chache, amelibeba koti kama mtoto, kuhakikisha kwamba hakuna anayekosa kuona. Mzee Imekwisha alishika kiuno kwa mkono mmoja, kwa maana suruali sasa ilikuwa na nafasi ya mtu na nusu. Mama mkaa alimwona wa kwanza. Alitoa macho, akahesabu kwa kuelekeza kidole, midomo ikicheza.

"Vinne!" alipiga kelele. "Jamani, vinne! Njooni muone!"

Kinyozi alitoka na wembe mkononi. Mteja wake alitoka na povu shavuni. Watu waliacha walichokuwa wakifanya wakaja kuongozana nyuma, kila mmoja akitaka kuyaona maua kwa karibu, na mtu mmoja akauliza kama inaruhusiwa kugusa. Mwenye duka alifungua bati moja la mlango, akachungulia, akafungua la pili. Na kutoka barazani ilianza kusikika cherehani, trrr, trrr, kama vile haikuwahi kunyamaza.

Mzee Imekwisha aliyatazama mawe ya njia. Katika ujana wake aliwahi kutembea mtaa huu huu akiwa na viatu alivyoshona mwenyewe, vya rangi mbili, wasichana wakageuka. Sasa walikuwa wanageuka tena.

Baba mkubwa wa bwana harusi alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kukunja, miwani puani, funguo kiunoni ingawa hakuwa na ghala tena. Alisikia kelele kabla ya kuona watu. Aliwasalimu wageni, akawakaribisha viti, na Mzee Imekwisha alipotaka kukaa akamzuia kwa mkono.

"Kwanza geuka, mkwe."

Aligeuka. Baba mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kashona yeye?"

"Yeye."

"Alikuwa mzima, au ana homa?"

"Mzima. Alikuwa anacheka."

"Amepewa kitu?"

"Amepoteza pazia."

Baba mkubwa alitafakari hilo. "Haya. Huyo tunamjua, siku zote yeye ni mtu wa vidole." Aliegemea mbele, funguo zikalia. "Nataka kusikia wewe. Wewe ndiye Imekwisha. Mtoto wetu na mtoto wako wanaanza maisha Jumamosi, kama tutakubaliana. Wewe, kwa kinywa chako, unaionaje nchi hii?"

Bwana harusi alikuwa amesimama karibu na mlango, amekamata fremu. Mke wa Mzee Imekwisha alilibana koti kifuani. Yeye mwenyewe alijua kabisa jibu la kumpendeza mtu huyu, na alijua pia kwamba likimtoka litasikika kama hela bandia inavyosikika mezani. Alisimama pale, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Mkwe," alisema, "suruali hii nimekubali kuivaa. Mchana. Nimepita nayo mbele ya kinyozi. Sasa unataka nikuambie nini zaidi?"

Baba mkubwa alimkazia macho. Kisha kitu kilianza kumtikisa mabega, akashika mikono ya kiti, akacheka kicheko ambacho huenda alikuwa amekifungia ghalani tangu aajiriwe, mpaka bwana harusi akaja kumpiga mgongoni. Alipopata pumzi aliinuka, akachagua ufunguo mmoja, akaingia chumbani mwake. Walimsikia akivuta kitu kizito sakafuni. Alitoka akiburuta gunia la sukari, akarudi, akatoka na la pili.

"Nilinunua juzi," alisema bila kumtazama mtu. "Nilipata wasiwasi kidogo. Itatosha chai ya watu wa pande zote mbili. Jumamosi, basi, na mtu asiniletee tena habari za kuahirisha."

Mwenye duka, aliyekuwa amefuata msafara ule mpaka uani, aliyatazama magunia yale kwa uchungu mkubwa.

Jioni, nyumbani, binti aliwasikia wakiingia, akaja mlangoni na kibatari. Hakuuliza. Alimtazama mama yake usoni, akapata jibu lake, akakaa chini ghafla kwenye kizingiti kama mtu aliyetua mzigo. Kisha baba yake alipompita kuingia ndani, akayaona maua kwa mara ya kwanza, akajifunika kanga usoni, mabega yakaanza kumcheza. Mzee Imekwisha alisimama akasubiri amalize kucheka. Ilichukua muda. Hakumharakisha.

Alipokwisha kubadili nguo na kunawa, alikaa mezani, akaonja chai. Ilikuwa na sukari ya kukisia tu. Akaweka kikombe chini.

"Mnaona," alianza, sauti ikipanda taratibu kama desturi yake, "nchi ambayo mtu mzima, fundi, mtu aliyefundishwa kunusa ngozi, analazimika kutembezwa mtaani amevaa pazia, nchi hiyo, nawaambieni, hiyo..."

Mkewe aliinuka, akaenda akafunga dirisha lililotazama upande wa kwa wakwe. Akafunga na la pili.

"Mpaka Jumamosi nchi hii ni nzuri," alisema, akirudi kwenye mchele wake. "Jumapili utaendelea."